Kaka yangu anasema mji mdogo wa Marekani maisha ni rahisi, nami nimezama katika deni

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Bowling Green, Kentucky. Tulikuja huku tukitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, Tanzania, ambako wazazi wangu wapo hadi leo. Mume wangu anafanya kazi ya usiku katika kiwanda cha nyama, nami ninasafisha vyumba hotelini kwa saa chache kwa sababu mtoto wa mwisho bado ni mdogo. Baada ya makato tunapata kama dola 3,900 kwa mwezi, na hazifiki mwisho wa mwezi. Kaka yangu aliyeko Nairobi anataka dola 2,000 za kufungua duka. Nilipomwambia sina, alijibu: "Ungekuwa New York ningekuelewa, lakini wewe uko mji mdogo ambako maisha ni rahisi." Wazazi ninawatumia kati ya dola 200 na 400, na kwa miezi kadhaa nimekuwa nikitumia kadi ya mkopo bila mume wangu kujua. Sasa kadi ina deni la dola 2,300. Mume wangu naye anataka tuhamie Nashville. Nifanye nini?*

*Mama wa Watatu*

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako pamoja na orodha ya matumizi uliyoiambatanisha, na jambo la kwanza ninalotaka ulisikie ni kwamba wewe si mbadhirifu wala si bahili. Mnalipa pango dola 1,200, chakula 800, umeme na maji 230, simu na intaneti 160, deni la tiketi za ndege zilizowaleta Marekani 100, halafu gari: mkopo wake 430, bima 240, mafuta 200. Jumla ni dola 3,360. Kinachobaki ni 540, na katika hizo ndimo zinamotoka nepi, sabuni, viatu vya watoto, tairi likipasuka, na wazazi wako. Katika orodha hiyo sikuona anasa hata moja.

Kaka yako amesema kitu ambacho nusu yake ni kweli, na hiyo nusu ndiyo inayokuumiza. Ni kweli kwamba pango la Bowling Green ni dogo kuliko la New York. Lakini mji mdogo unakurudishia nafuu hiyo kwa mkono mmoja na kuichukua kwa mkono mwingine, na mkono unaochukua ni gari. Mtu wa New York hupanda treni saa nane za usiku akaenda kazini. Mume wako akitoka kiwandani usiku wa manane hakuna basi linalomngoja, kwa hiyo gari kwenu ni sehemu ya kazi yenyewe, kama jembe kwa mkulima. Gari lenu peke yake linakula dola 870 kila mwezi, karibu robo tatu ya pango. Ukizijumlisha hizo mbili unapata dola 2,070, yaani zaidi ya nusu ya kipato chenu, kabla mtoto hajala. Wapimaji wa mambo ya makazi nchini humo husema kwamba familia inayotumia zaidi ya asilimia 30 ya kipato chake kwa nyumba imeelemewa. Ninyi kwa nyumba hamko mbali na mpaka huo, lakini kipimo hicho hakilihesabu gari.

Hata hilo pango dogo halikai mahali pamoja. Mwaka 2010 mji wenu ulikuwa na watu wapatao 58,000. Sensa ya 2020 ilihesabu zaidi ya 72,000. Desemba 2021 kimbunga kilibomoa mamia ya nyumba mjini humo, na wanafunzi wa Western Kentucky University nao wanatafuta vyumba kama mnavyotafuta ninyi. Mishahara haiendi kwa mwendo huo. Kima cha chini cha Kentucky ni dola 7.25 kwa saa, kile kile cha serikali ya shirikisho ambacho hakijaguswa tangu 2009. Wewe unalipwa takriban mara mbili ya hicho, na bado unaniandikia barua kama hii. Mtu yeyote anayedhani kwamba dola huko zinaokotwa, mwambie hilo kwanza.

Sasa tuje kwenye jambo zito, nalo si kaka yako. Ni kadi.

Mwambie mume wako wiki hii, siku ambayo hana zamu, watoto wakiwa wamelala. Usianze na maelezo marefu wala usianze na wazazi. Mwambie kiasi, dola 2,300, kisha mwambie zilikwenda wapi. Anaweza kukasirika, na ana haki ya kukasirika, kwa sababu anatoka usiku kwenye baridi akiamini kwamba anajua hali ya nyumba yake. Lakini riba ya kadi za mkopo Marekani mara nyingi hupita asilimia 20 kwa mwaka, na kila mwezi unaonyamaza deni linakua. Vilevile, ukilipia kwa kadi hiyo pesa unazotuma nje, kampuni nyingi huhesabu kwamba umechukua fedha taslimu: hukata ada papo hapo na riba huanza siku hiyo hiyo. Usitume tena kwa njia hiyo. Tuma kutoka akaunti yenu ya benki, kwa sababu tangu 1 Januari 2026 anayetuma nje kwa kulipa noti mkononi anatozwa asilimia 1 ya ziada, na anayetumia akaunti au kadi ya benki ya Marekani hatozwi.

Kuhusu wazazi, sitakwambia uache. Nyarugusu si mahali ambapo mzee anaweza kutoka akatafute kibarua. Ruhusa ya kutoka kambini ni ngumu na mgao wa chakula umepunguzwa zaidi ya mara moja. Wanakuhitaji kwelikweli, na mume wako anapaswa kulisikia hilo kutoka kwako bila ugomvi. Kinachowaumiza ni kwamba kiasi kinabadilika kila simu inapolia. Kaeni wawili mchague kiasi kimoja, mimi ningesema dola 150, kiingie katika orodha pamoja na pango na bima, kitumwe tarehe ile ile kila mwezi. Ni kidogo kuliko walichozoea, na siku ya kwanza kuwaambia itakuuma. Lakini mzazi anayejua kwamba tarehe tano atapata kitu hupanga maisha yake vizuri kuliko anayesubiri 400 leo na kimya mwezi ujao.

Kuhamia Nashville ningewaomba msubiri. Mji huo uko mwendo wa saa moja tu kwa gari, na mshahara huenda ukaongezeka, lakini pango huko ni kubwa zaidi, mtadaiwa amana ya nyumba mpya, na gari mtalihitaji vilevile. Mkihama mkiwa na deni la kadi, litahama nanyi.

Kuna mambo mawili ya msimu ambayo watu wetu huyasahau. Kentucky hutoza kodi ya gari kila mwaka, na muda wake huisha mwisho wa mwezi wa kuzaliwa kwa mwenye gari. Umesema gari limeandikishwa kwa jina la mume wako, naye, kama wengi waliosajiliwa kambini, aliandikiwa kwamba alizaliwa 1 Januari. Kwa hiyo kodi hiyo inawaangukia Januari, mwezi ambao bili ya umeme wa kupasha nyumba joto ndiyo kubwa kuliko zote. Anzeni kuiwekea akiba mapema, hata dola 20 kwa mwezi. Na baridi inapokaribia, nenda ofisi ya shirika la Community Action la eneo lenu ukaulize msaada wa bili za nishati unaoitwa LIHEAP. Umewekwa kwa ajili ya familia zenye kipato kidogo, wala si jambo la kumwonea mtu aibu.

Jambo la pili ni marejesho ya kodi ya mapato. Mna watoto watatu, kwa hiyo huenda mkarejeshewa fedha za maana, ingawa sheria huzuia marejesho ya nafuu ya wenye kipato kidogo hadi katikati ya Februari. Tafuteni watu wa mpango uitwao VITA, wanaojaza fomu za kodi bure, na mkimbieni yeyote anayewaahidi pesa leo kwa kukata ada kubwa. Fedha hizo zikiingia, ziende kwenye kadi kabla hazijapewa kazi nyingine yoyote.

Nimebakiza kaka yako. Mpigie mkiwa pamoja na mume wako, si kwa ujumbe wa maandishi, na umsomee orodha uliyonitumia mimi, kila mstari, hadi ufike kwenye zile 540. Kisha mwambie kwamba mtaji wa duka huna sasa, na usimpe tarehe ambayo huna uhakika nayo, kwa sababu ahadi hiyo itageuka deni la pili. Akikuuliza gari la kila siku mnalihitaji kwa nini, mweleze mume wako anatoka kazini saa ngapi na umbali wake hadi nyumbani. Ana haki ya kujua unavyoishi, na nadhani hakuna aliyewahi kumweleza. Asipokuelewa mara hiyo ya kwanza, mpigie tena mwezi unaofuata umjulie hali, lakini kiasi mlichokubaliana na mume wako kisibadilike mpaka kadi isome sifuri.