Kabla hujawahesabu wasio na kazi

Nyie mnaoanza utafiti wa ajira na afya ya akili, msikimbilie kompyuta. Jiulizeni kwanza kiwango cha ukosefu wa ajira kimewahesabu akina nani. Kwa kipimo cha Shirika la Kazi Duniani, anayehesabiwa ni yule asiye na kazi, aliye tayari kuianza na anayeitafuta. Aliyetuma maombi mpaka akachoka, akaamua kukaa nyumbani, hayumo. Kiwango kinaweza kushuka kwa sababu watu wamekata tamaa, nanyi mkaandika kwamba hali inatengemaa.

Halafu kuna dodoso. Lile la maswali 12 la kupima afya ya akili, GHQ-12, humtaka mhojiwa ajipime na hali yake ya kawaida: je, siku hizi unakosa usingizi kwa wasiwasi? Aliyeachishwa kazi juzi atajibu "kuliko kawaida". Aliyekaa miaka bila kazi anaweza kujibu "kama kawaida", maana kukesha ndiyo kawaida yake sasa. Kwenye jedwali ataonekana mzima. Mimi huongeza swali moja: kawaida hiyo imeanza lini?

Kila mkiwasilisha matokeo mtaambiwa kwamba huenda wagonjwa ndio wanaopoteza kazi. Ni kweli, na kinyume chake pia ni kweli. Ndiyo maana tunathamini sana takwimu za viwanda vilivyofungwa, kwani huko mzima na mgonjwa hutoka pamoja. Watafiti Paul na Moser walipojumlisha tafiti nyingi mwaka 2009, walikuta matatizo ya kisaikolojia kwa asilimia 34 ya wasio na kazi, na asilimia 16 ya walio nayo.

Lakini hakuna utafiti ninaourudia kama ule wa Marienthal, kijiji cha Austria kilichotegemea kiwanda kimoja cha nguo, kikafungwa. Marie Jahoda na wenzake, waliochapisha matokeo mwaka 1933, hawakuishia kuuliza watu wanajisikiaje. Walitazama wapita njia, saa mkononi, wakapima mwendo wao. Wanaume walijikokota na kusimamasimama. Wanawake walikwenda haraka: mshahara ulikuwa umekwisha, ila kupika na kufua kulikuwa palepale. Na maktaba? Vitabu viliazimwa vichache kuliko zamani, ingawa muda wa kusoma ulikuwa tele. Anayedhani tatizo ni pesa tu akae na jambo hilo kwanza.

Mkipanda hadi ngazi ya nchi, punguzeni kasi. Mtafiti Stuckler na wenzake, mwaka 2009, walionyesha kwamba katika nchi za Umoja wa Ulaya, ukosefu wa ajira ukipanda kwa pointi moja ya asilimia, vifo vya kujiua kwa walio chini ya miaka 65 hupanda kwa takriban asilimia 0.79, na madhara hupungua pale serikali inapotumia fedha kuwarudisha watu kazini. Takwimu hiyo haisemi waliokufa walikuwa hawana kazi. Anayesubiri barua ya kupunguzwa kazini naye hapati usingizi, na mke wake pia.

Mkienda uwandani, anzeni na jana: uliamka saa ngapi, ulifanya nini mpaka mchana, ulizungumza na nani. "Unafanya kazi gani?" lije baadaye. Likitangulia, mhojiwa hujikunja, na yanayofuata huyajibu kwa neno mojamoja.