Je, Kutembelea Chuo Huongeza Nafasi ya Kuchaguliwa?

Swali: Assalamu alaykum, Mwalimu. Mwanangu amefanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na anataka kusomea uhandisi wa umeme. Anaomba vyuo vya hapa Kenya na viwili vya Marekani. Shangazi yake anashikilia kwamba asipofika chuoni akaonekana, hatachukuliwa. Je, nimtafutie nauli? – Mama, Kisauni

Jibu: Wa alaykum salaam, mama. Kwa nafasi zinazogawanywa na KUCCPS, taasisi ya serikali inayowapangia wanafunzi vyuo hapa Kenya, shangazi amekosea. Anayetaka shahada sharti awe na alama ya jumla ya C+ au zaidi, kisha hushindana na wenzake kwa alama za masomo manne yanayohusiana na kozi aliyoiomba. Hakuna mahali katika hesabu hiyo panapoandikwa nani alifika langoni na nani hakufika.

Marekani hali ni tofauti kidogo, na pengine ndiko shangazi alikoyapata hayo. Vipo vyuo, hasa vya binafsi, vinavyoweka kumbukumbu ya mwombaji aliyetembelea au aliyewasiliana nao, kwa sababu vinataka kukadiria nani atakuja kweli akipewa nafasi. MIT haihesabu jambo hilo, wala University of California. Kwa vile viwili vya mwanao, tafuteni kwenye tovuti zao waraka uitwao Common Data Set, mfungue kifungu C7, msome mstari unaohusu hamu ya mwombaji kwa chuo. Hata pale inapohesabiwa, kuhudhuria vikao vyao vya mtandaoni na kumwandikia ofisa wa udahili swali la maana ni njia inayokubalika. Tafadhali usikope nauli ya ndege kwa ajili hii.

Hata hivyo, nakusihi umtembeze kwenye vyuo vya karibu, si ili achaguliwe, bali ili yeye achague vyema kabla muda wa kurekebisha machaguo haujaisha. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko Tudor, safari fupi ya matatu kutoka kwenu. Nendeni siku ya kazi, muhula ukiendelea. Nilipomsindikiza mwanafunzi wangu mmoja katika chuo ambacho sitakitaja, tulioneshwa maabara ambayo mashine zake zilikuwa bado zimefunikwa turubai, na vijana wa mwaka wa tatu wakatuambia kwamba hawajawahi kuzigusa. Picha za tovuti hazikutuonesha hilo, na binti yule alibadilisha chaguo lake wiki hiyohiyo.

Jambo moja msilisahau mkiwa huko, nami naliona zito kuliko hata hali ya hosteli: ulizeni idarani kama shahada hiyo imeidhinishwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya, mwombe kuona barua yenyewe. Ikiwa haijaidhinishwa, kijana anaweza kusoma miaka mitano, kisha akakwama anapotaka kusajiliwa kuwa mhandisi.