Je, baba yangu yumo kwenye wale 23,000?

SWALI: Salamu nyingi, mzee wetu. Mimi ni msomaji wako wa Busia, upande huu wa Uganda. Baba alifariki Septemba 2020, nyumbani. Miezi mitano chakula kilikuwa hakipiti, mwisho hata uji ukawa unarudi. Mbale walimwingiza kamera kooni, wakakata kipande kidogo cha nyama cha kupima, majibu yakasema kansa ya umio. Lakini barua ya mwenyekiti wa kijiji (LC1) inasema alikufa kwa "vidonda vya tumbo". Sasa nimesoma kwamba mwaka huohuo kansa iliua Waganda karibu 23,000. Baba alihesabiwa na nani? Na kama hakuhesabiwa, namba hiyo wameitoa wapi?

JIBU: Pole sana, binti yangu. Nimekaa miaka 26 nyuma ya meza ya kumbukumbu za wagonjwa, na swali kama lako nilikuwa nikijiuliza kila nikifunga daftari la mwaka.

Baba yako hakuhesabiwa na mtu. Hao 23,000 si makaburi yaliyohesabiwa, ni makadirio. Yanatengenezwa na shirika la utafiti wa kansa lililo chini ya WHO, pale Lyon, Ufaransa. Kwa mwaka 2020 walikadiria Uganda ilipata wagonjwa wapya kama 34,000, na vifo karibu 23,000. Nchi yetu haina daftari la vifo linaloshika kila anayezikwa na sababu yake, kwa hiyo inabidi waanzie kwa wagonjwa. Rejista ya Kansa ya Kampala, iliyoanza miaka ya 1950 pale Makerere, huandika wagonjwa wapya wa kaunti ya Kyadondo, yaani Kampala na kipande cha Wakiso. Gulu nako wana rejista, changa zaidi. Kutokana na maeneo machache ya namna hiyo wanakadiria nchi nzima kwa umri na jinsia, halafu wanapiga hesabu: kwa nchi yenye hali kama yetu, katika wagonjwa hao wangapi hufa? Kwa hiyo baba yako wa Busia aliwakilishwa na mgonjwa wa Kyadondo ambaye hawakuwahi hata kusalimiana.

Na huyo wa Kyadondo naye ana maneno. Nikimuuliza mgonjwa anakaa wapi, jibu lilikuwa Kawempe, Kawempe, Kawempe, hapo hapo Kampala. Siku moja alikuja mama mmoja, mkononi mfuko wa nailoni wenye sahani na blanketi, viatu vimejaa vumbi jekundu la safari. "Kawempe," akasema. Nikamuuliza, "Mama, baba yako amezikwa wapi?" Akacheka. Kamuli, mbali huko mashariki. Kawempe ni kwa dada yake, alikuwa amefika jana yake jioni. Nikafuta, nikaandika Kamuli. Lakini nisikudanganye: siku ambazo foleni ilifika mlangoni sikuuliza mara ya pili. Ndivyo mji unavyobebeshwa wagonjwa wa watu, na kijiji kikaonekana hakina kansa.

Hata anayefia wodini anaweza kupotea. Cheti cha sababu ya kifo kina mistari inayoshuka: juu kilichomuua saa ile, chini yake kilicholeta hicho, na mstari wa mwisho ndio chanzo chenyewe. Mama mwenye kansa ya mlango wa kizazi, uvimbe ukiziba mirija ya mkojo, hufa kwa figo kushindwa. Figo ziandikwe juu, mirija iliyoziba katikati, kansa chini. Nilipokea vyeti vingi vyenye mstari mmoja tu: "moyo umesimama". Sasa nani amewahi kufa moyo ukiendelea kudunda? Daktari wa zamu alikuwa peke yake na wagonjwa sitini, simlaumu sana. Ila kansa ilikuwa imeshatoka kwenye hesabu, na sikuwa na ruhusa ya kuirudisha.

Kuna na mtego wa kanuni zenyewe. Mwenye virusi vya UKIMWI akifa kwa kansa ya Kaposi, kwa kanuni za kimataifa chanzo cha kifo ni UKIMWI. Mgonjwa yumo katika rejista ya kansa, kifo chake kimewekwa kwenye kapu jingine.

Utaniuliza, basi namba ni ndogo au kubwa mno? Ukinibana nikakupa jibu moja nitakuwa nimebuni. Ichukue kama makisio ya ukubwa wa tatizo: ni maelfu mengi, na wengi wanaougua hawaponi. Hapo haitakudanganya. Lakini ukimsikia mtu redioni anachukua toleo la juzi la makadirio haya na la leo, anatoa moja kwa jingine, halafu anatangaza vifo vimepanda kwa kiasi fulani, zima redio. Hao wa Lyon wenyewe wanaonya matoleo yasilinganishwe hivyo, maana njia za kukadiria zinabadilika. Mwendo wa miaka mingi utafute kwenye rejista ya Kyadondo. Kule ndiko Kaposi ilionekana ikipanda na janga la UKIMWI.

Jambo moja linaniuma hadi leo. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya kansa nchini ilikufa, na nyingine ikaanza kazi mapema 2018. Karibu miaka miwili! Makadirio ya aina hii hayana mahali pa kuonyesha ni wangapi tuliwazika kwa sababu ya mashine ile.

Kuhusu baba, kifo cha nyumbani taarifa yake inaanzia ofisi ya gombolola, halafu NIRA, mamlaka ya usajili na vitambulisho vya taifa. Wengi hawaendi mpaka kuwe na kiwanja au akaunti ya benki ya kurithi, na ninyi mnaweza kwenda hata kama kumechelewa. Barua ya mwenyekiti usiipeleke peke yake, ibane pamoja na majibu ya Mbale. Karani akianza kunakili "vidonda vya tumbo", mwekee kidole pale penye neno umio.