Nunua daftari kabla ya kamera

Mwaka jana alikuja mama mmoja studio kwangu hapa Tanga, akaniuliza kama bado ninayo picha ya marehemu baba yake. Mzee alikuwa fundi wa korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge yatoke nyuzi, kwenye shamba upande wa Muheza, na mimi nilianza kwenda kule 1983, kila mwisho wa mwezi mishahara inapotoka. Nikamtolea maboksi manne ya negativu. Alikaa siku mbili akizimulika dirishani moja moja. Hakumwona. Juu ya bahasha nilikuwa nimeandika: "Korona, Juni, mkanda wa 14." Basi.

Enzi za mkoloni vibarua wa mkonge waliitwa manamba, kwa namba walizopewa walipoandikishwa. Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 230,000 kwa mikono yao. Nilipofika mimi, mashine nyingi zimeshanyamaza, nami nikajiona ninawatunzia watu historia yao. Kumbe nimewapa namba nyingine.

Ndiyo maana kijana akiniuliza anunue kamera gani, namwambia aanze na daftari. Huwa wanacheka. Jina la mtu, kijiji chake, kazi, tarehe, na ndugu wa kumpatia. Hata ukipiga kwa simu: faili la IMG na tarakimu nne ni manamba vilevile.

Mkonge haukunilipa hata senti. Nimesomesha watoto kwa pasipoti, vipaimara na harusi, na sioni aibu, maana studio ndiyo iliyonifunza uso wa mtu. Yashica yangu ya lenzi mbili ilikuwa unaitazama kwa juu, kichwa umekiinamisha, kama unayemwamkia mteja. Analegea mabega. Mkanda ulikuwa na picha 12 tu, kwa hiyo mlizungumza kwanza, ukabonyeza baadaye. Simu inaziba macho yako. Ishushe kifuani, muulize habari za nyumbani. Kule korona walinikazia shingo kama wako kituo cha polisi, mpaka nilipoanza kuwapelekea picha zao mwezi unaofuata. Kufika mwezi wa tatu, wananiita wenyewe.

Halafu kuna unyevu wetu huu wa pwani. Negativu ikianza kunuka siki, imeanza kuoza, na itaziambukiza nyingine. Itenge siku hiyohiyo. Weka kwenye bahasha za karatasi, si za nailoni, na kabati liwe juu, mbali na sakafu. Boksi zima la 1987 nililitupa kwa uzembe huo. Kule Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaendelea na kazi. Picha za mzee watu wanazitafuta mpaka leo. Ni kwa sababu zilitunzwa, si kwa sababu ya lenzi.

Yule mama aliniachia alama moja: baba yake hakuwa na kidole cha shahada mkono wa kulia, kilikwenda na korona. Yamebaki maboksi mawili yenye ukungu. Ninayafuta jioni, wateja wakishapungua, ninaangalia mikono.