Mafua hayatoki nyumbani kwangu

SWALI: Shikamoo Bibi Nesi. Nina watoto wawili, wa miaka minne na wa miezi minane. Tangu mkubwa aanze chekechea, mafua hayatoki nyumbani: akipona yeye, mdogo anaanza. Usiku pua inaziba, ziwa anashika na kuachia, analia. Jirani kanishauri asali na tangawizi, na duka la dawa wameniuzia amoksilini. Siku ya pili leo, sioni nafuu. — Mama wa wawili, Njombe

JIBU: Marahaba mwanangu. Asali kwanza, maana hiyo haina mjadala: huyo wa miezi minane asipewe, hata ya kulambishwa kidoleni. Inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumboni mwa mtoto mchanga hutoa sumu ya kulegeza misuli, hata ile ya kupumulia. Asubiri atimize mwaka. Mkubwa mpe kijiko kidogo kabla ya kulala, kikohozi kitapoa.

Amoksilini inaua bakteria, na mafua ni virusi. Nenda zahanati na hiyo chupa, wamkague mtoto wakuambie kama ana sababu ya kuimeza. Na usishangae: mtoto mdogo kuugua mafua mara sita hadi nane kwa mwaka ni kawaida, na kila mara ni wiki au siku kumi. Ndiyo maana unaona kama hayaishi.

Anachohitaji huyo mdogo ni pua iliyo wazi. Chukua robo lita ya maji yaliyochemka, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi, yapoe kabisa. Kabla ya kumnyonyesha, mdondoshee matone mawili kila tundu, ngoja kidogo, kisha futa kwa kitambaa laini. Kesho tengeneza mengine. Ila usimfyonze kamasi kwa mdomo. Nilimfanyia hivyo kifungua mimba wangu, mimi nesi mzima. Siku ya tatu tukawa wagonjwa wawili na zamu ya usiku nikaikosa.

Mkubwa akirudi chekechea, anawe kwa sabuni kabla hajamgusa mdogo wake. Hilo lina faida kuliko masweta matatu. Baridi ya Njombe naijua, lakini jiko la mkaa lisiingie chumbani: moshi unachokoza kifua, na hewa yake huua watu usingizini.

Usiku ukiingiwa na wasiwasi, tazama kifua. Mtoto akiwa ametulia, mfunue nguo, hesabu pumzi dakika nzima kwa saa ya simu. Mdogo zikifika 50, au mkubwa 40, mpeleke hospitali usiku huohuo. Ukiona chini ya mbavu panabonyea ndani akivuta pumzi, au amekataa kunyonya kabisa, anatapika kila kitu, ana degedege au amelegea haamki vizuri, acha kuhesabu. Mbebe, mwende.