Nimeitwa Kuziba Pengo, Nikaenda

Juzi msomaji kaniandikia: "Kaka, nina miaka 46, napiga gita la solo, vijana wananiita babu. Niache?"

Nimecheka, kisha nikanyamaza. Maana Jumamosi iliyopita mimi, mwenye miaka 58, nimewapigia watalii hotelini saa tatu nzima. Niliitwa kwa sababu bendi iliyopangwa iliharibikiwa na basi njiani. Nilikuwa spea tairi, na sioni haya kusema.

Nimekulia Morogoro, mji ambao bendi ya Salum Abdallah ilijiita Cuban Marimba. Kwa hiyo nikitaka mfano siendi mbali, nakwenda Havana, mji mkuu wa Kuba.

Machi 1996, Nick Gold, bosi wa lebo ya muziki ya Uingereza, na Ry Cooder, mpiga gita wa Marekani, walipanga kuwakutanisha wanamuziki wa Mali na wa Kuba huko huko, kwenye studio ya EGREM. Wa Mali hawakufika, mambo ya viza. Ndipo Juan de Marcos González, mwanamuziki wa Kuba, akakusanya wazee wa son, muziki wa dansi wa zamani wa huko. Ikatakiwa sauti laini ya bolero, nyimbo za mapenzi za taratibu, akatoka kwenda kumtafuta Ibrahim Ferrer. Mzee ana miaka 69, kuimba kashaacha, anapiga watu viatu kiwi apate riziki. Akaenda. Rubén González, miaka 76, hakuwa hata na piano nyumbani. Kila asubuhi akawa anawahi studio kusubiri mlango ufunguliwe. Compay Segundo alikuwa na 88! Siku sita tu, albamu ya Buena Vista Social Club ikawa tayari. Ikatoka 1997, na Julai 1998 wazee hao wakasimama kwenye ukumbi wa Carnegie Hall, New York. Mwaka 2000 Ferrer akapewa tuzo ya Latin Grammy ya msanii bora chipukizi. Chipukizi wa miaka 73.

Hapo huwa nachomwa. Mwaka 2009 prodyuza mmoja alinisikiliza dakika mbili, akasema mkung'uto wangu ni wa redio ya mkulima, niweke biti la kisasa. Nikaweka. Wimbo haukupigwa popote, na mimi mwenyewe sijausikiliza tena. Nikauza gita. Miaka kumi na moja iliyofuata haina la kusimulia.

Sasa nisikilize, mdogo wangu. Usiache, na usibadilishe. Compay alikuja na armónico yake, gita la nyuzi saba, alilolibuni mwenyewe, dunia ikamfuata huko huko aliko. Na ukiitwa kuziba pengo, nenda. Narudia, nenda! Ninyi mnaosusa kwa sababu jina halimo kwenye bango, mnataka nani awafuate mlangoni? Ferrer alifuatwa, ndiyo, lakini nyuma yake kulikuwa na nusu karne ya kuimba. Na Havana ilikuwa na wazee wengine wengi ambao hakuna aliyewagongea.

Meneja wa hoteli alichukua namba yangu. Leo Alhamisi, hajapiga. Nyuzi zote sita nimeshabadilisha.