Nyuzi nyeupe kwenye bustani ya kiroba

Dada, umeuliza kama nyuzi nyeupe zilizojaa kwenye udongo wa kiroba chako cha sukuma wiki ndizo zinazofanya majani kuwa ya njano. Hizo nyuzi ni kiroba chenyewe, plastiki iliyoliwa na jua. Sugua moja kwa vidole uone inavyogeuka unga. Vikishakuwa chini ya milimita 5, vipande hivyo ndiyo mikroplastiki.

Unjano, kwa kweli, ningeanza kuulaumu upungufu wa mbolea, maana udongo wa kiroba huchoka upesi. Ila usizidharau nyuzi. Plastiki ikizidi hubadilisha jinsi udongo unavyoshika maji, na mizizi michanga inaweza kudumaa. Mwaka 2020 watafiti wa China walionyesha chembe ndogo mno zikipenya mizizi ya ngano na saladi, kupitia nyufa pale mzizi wa pembeni unapochomoza, kisha zikapanda na maji kuelekea juu. Hizo ni ndogo kuliko unazoziona wewe, tena yalikuwa majaribio.

Hamishia miche kwenye tuta au debe la bati. Udongo ukikauka, uchekeche. Kiroba usikichome bustanini, na kijacho kitoe kabla hakijaanza kuchanika.